Majibu ya Shemeji Fulvio

Grottammare, 14 Novemba 2016

Rina mdogo wangu,

Kwanza nikutoe wasiwasi: ni mzima. Mguu unaoniuma ni ule ule uliokuwa ukiniuma kabla ardhi haijatikisika, kwa hiyo tetemeko tusilisingizie. Wewe u hali gani? Na Fulvio? Na Marzia wenu huko Rotterdam, mwanawe ameanza kuota meno?

Sisi watu wa Pievelunga tumewekwa hotelini huku pwani, mahali ambapo watu huja kuogelea mwezi wa Agosti. Sasa ni Novemba, na ukumbi umejaa wajane wangu wenye shali nyeusi, wanaitazama bahari kana kwamba ndiyo iliyowabomolea nyumba. Derna, yule anayenipikia, alikuja na kuku wawili ndani ya kikapu cha nguo. Meneja alimwambia kuku hawaruhusiwi. Derna akamjibu kuwa hao wameandikishwa parokiani. Mpaka leo kuku wapo. Misa naisoma kwenye chumba cha kifungua kinywa, baada ya kusogeza mashine ya kukamulia machungwa.

Nyumba ya padre bado imesimama. Kilicholala chini ni mnara wa kanisa. Wazimamoto wameuzungushia mji wote uzio, na haingii mtu, hata mwenye ufunguo. Vitabu vyangu viko ghorofani kama nilivyoviacha.

Hapo ndipo namtaka shemeji yangu. Mwambie hivi: wapagani wake, wale washairi wa Kilatini aliokuwa akinipa kila mwaka siku ya mtakatifu wa jina langu, wako kwenye rafu ya upande wa dirisha. Historia ya Kanisa, juzuu zote kumi na mbili zilizochapwa Antwerp, iko upande wa ukuta mnene. Nikiruhusiwa kuingia mara moja tu, nina mikono miwili tu, nitoe nini kwanza? Ajibu kama mwalimu, asijibu kama mkorofi. Miaka arobaini tumegombana nani anastahili rafu nzuri, washairi wake au watakatifu wangu. Leo nampa nafasi aamue.

Nimepiga simu mara kadhaa, haipokelewi. Basi andika. Mimi na simu unajua hatuelewani, sikio la kushoto limekwisha kabisa.

Kaka yako,
Ersilio


Trieste, 5 Desemba 2016

Kaka Ersilio,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata koti sijavua. Mungu ashukuriwe kwa mguu wako unaouma.

Huku kwetu upepo wa bora umeanza, na jina lake ndilo jambo zuri pekee ulilo nalo. Juzi umeangusha pikipiki zote za mtaa wetu, mstari mzima, moja juu ya nyingine. Mtoto wa Marzia ana meno mawili na anamng'ata kila mtu. Jumapili nilipika supu ya maharage na kabichi chachu, sufuria ile kubwa, na nimekuwa nikiila tangu hapo. Nimekutumia soksi za sufu. Usizigawe kwa wajane wako kabla hujavaa japo jozi moja.

Fulvio anakusalimu sana. Mafua yamemkamata na mkono unamtetemeka, ndiyo maana hajakuandikia mwenyewe. Nimemsomea swali lako. Anasema utoe Historia ya Kanisa kwanza, maana ni kazi kubwa na ya heshima, na washairi wamezoea kufukuzwa nyumbani kwao.

Usiingie ndani ya uzio ule, kaka. Nakujua.

Rina


Grottammare, 29 Januari 2017

Rina mdogo wangu,

Soksi zimefika, na mbili bado ninazo. Asante.

Utakuwa umesikia habari zetu. Theluji ilishuka milimani kuliko miaka yote niliyoishi kule, na katikati yake ardhi ikatetemeka tena. Huku hotelini taa zilicheza kidogo tu, lakini wajane walishuka ngazi na viatu mkononi wakakaa ukumbini mpaka kukapambazuka, nami nikakaa nao. Tulisali rozari, kisha Derna akatufundisha mchezo wa karata ambao nina hakika ni haramu.

Vitabu vyangu havijambo. Paa lile ni la zamani, ila waliolijenga hawakuwa wavivu.

Sasa sikiliza. Jumapili moja kila mwezi wanapanga soko la vitu vikuukuu karibu na stesheni. Nilikuwa napita tu. Mama mmoja anayeuza vifungo vya nguo alikuwa na kitabu kidogo, ukubwa wa kitabu cha sala, jalada la ngozi lililochakaa, ukurasa wa jina umechanwa. Nikakifungua: Kilatini, mashairi, herufi za kuinama, nyembamba kama miguu ya panzi. Na pembeni, msomaji mmoja wa zamani amechora kwa wino vidole vinavyoelekeza kwenye mistari aliyoipenda. Mama alikuwa akikitumia kuzuia karatasi zake zisipeperuke. Nilikinunua, nikarudi hotelini nikiwa nimekificha ndani ya koti kama mwizi.

Nakutumia nakala ya kurasa mbili. Mpe Fulvio aniambie kilichapwa wapi na lini. Na umwambie jibu lake la Desemba limenishangaza. Kama ni mafua ndiyo yamemfanya mpole hivyo, nayaombea yamtoke haraka.

Ersilio


Trieste, 27 Februari 2017

Kaka mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Siku hizi mchana unanikimbia. Nilikuwa na fundi, nimebadilisha kitasa cha mlango, kile cha zamani kilikuwa kinafunguka ovyo. Marzia alitaka kuja kwa Pasaka nikamwambia asubiri kiangazi, mtoto bado mdogo kwa safari. Jirani yetu wa chini, yule mpiga fidla, amehama. Nyumba ni kimya.

Fulvio amezitazama kurasa zako kwa muda mrefu. Anasema ni Venisi, mwanzoni mwa miaka ya elfu moja na mia tano, toleo zuri sana, na umebahatika. Anakupongeza kwa jicho lako.

Mafua yamepungua ila bado hana nguvu za kuandika.

Kula vizuri.

Rina


Grottammare, 8 Machi 2017

Rina,

Salamu leo zitangoja.

Kitabu kile kilichapwa Lyon. Imeandikwa nyuma kabisa, kwenye ukurasa wa mwisho, na niliiona siku ile ile nilipokinunua. Sikukutumia ukurasa huo makusudi. Nilitaka Fulvio agundue mwenyewe kwa kutazama herufi, kisha anicheke kwamba nimeuziwa Venisi ya uongo. Wachapaji wa Lyon waliziiga herufi za Venisi, na aliyenifundisha kuzitofautisha ni yeye, mwaka ule tuliozunguka Veneto nzima kwa pikipiki yake tukitafuta vitabu, mimi nimekaa nyuma na kanzu imekunjwa mpaka magotini. Alinifundisha kwa kunitukana, kitabu baada ya kitabu, hadi nikajua.

Nakubali, mtu huweza kukosea. Macho huchoka. Lakini kunipongeza kwa jicho langu? Tangu umwoe mtu huyo, maana ni wewe uliyemwoa, yeye alikuwa bado anatafuta soksi zake, hajawahi kukisifu kitabu nilichonunua mimi. Hata siku moja. Ningemletea dhahabu angesema imepauka.

Majibu haya ni ya mtu mwema anayenipenda. Fulvio si mtu mwema. Mume wako yuko wapi, Rina?

Ersilio


Trieste, 2 Aprili 2017

Kaka,

Fulvio yuko hapa. Amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko, amevaa lile sweta ulilomletea kutoka mlimani. Limekaa vizuri kwa sababu nimemvalisha mimi.

Ilianza mwaka juzi wakati wa kuvuna zabibu. Kwanza yalikuwa majina ya wanafunzi wake wa zamani, na tulicheka. Kisha majina ya majirani. Kisha akawa anasoma ukurasa mmoja tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, nami nikadhani ni ukurasa mgumu. Daktari alipotueleza, Fulvio alielewa kuliko mimi. Tuliporudi nyumbani alisimama mbele ya kabati lake akavitaja vitabu vyote kimoja kimoja, mji na mwaka, kama anaita majina darasani. Hakukosea hata kimoja. Halafu akaniambia, "Usimwambie padre. Atanionea huruma, na akinionea huruma hatanitania tena."

Nikamwahidi.

Oktoba iliyopita, wiki ile ile ya tetemeko lenu, alikuja jikoni na kitabu mkononi akaniuliza kwa adabu sana, "Samahani bibi, mwenye nyumba hii anaviuza hivi?" Nikamwambia haviuzwi. Akasema, "Vizuri. Asiviuze." Akakirudisha mahali pake penyewe.

Barua yako ya kwanza ilikuja baada ya hapo. Swali lako lilimhitaji Fulvio yule mwingine. Nikakaa mezani na kalamu, nikajaribu kufikiri angekujibu nini, angekunja uso vipi, angeanza na neno gani. Na kwa kitambo kile nilichokuwa nafikiri, nilikuwa naye. Ndiyo maana nikaendelea. Najua mzaha wangu haukufaa. Miaka yote nilikuwa nawasikia nyinyi wawili mkibishana sebuleni, mimi nikiwa na sufuria zangu, sikujua siku moja nitaulizwa nijibu.

Simu siipokei kwa sababu ikilia anashtuka. Kitasa nilikibadilisha kwa sababu siku moja ya upepo alitoka na ndara, akaenda mpaka shule aliyokuwa akifundisha, akasimama getini akingoja kengele. Bawabu alimkumbuka, akamrudisha kwa teksi. Marzia sijamwambia yote. Wewe ndiye wa kwanza.

Na sasa wewe. Mwezi wa Januari walionyesha Pievelunga kwenye televisheni. Nyuma ya yule mtangazaji ilikuwepo nyumba ya padre, na haikuwa na paa. Baada ya siku chache nikaipokea barua yako inayosema vitabu havijambo. Sikukuuliza, kwa sababu nilijua kwa nini unasema hivyo. Sasa nakuuliza.

Usije huku, kaka. Simwonei yeye aibu. Wewe ndiye ninayekuhurumia. Hatakujua.

Rina


Grottammare, 21 Aprili 2017

Rina wangu,

Pasaka imepita. Mshumaa mkubwa tuliuwashia kwenye maegesho ya magari ya hoteli, na upepo wa bahari ukauzima mara tatu. Derna hatimaye aliukinga kwa mwavuli wake. Kuku mmoja amekufa, kwa uzee. Ndizo habari za parokia.

Barua yako niliisoma ufukweni, kisha nikatembea mpaka viatu vikajaa maji. Nilimkasirikia Fulvio kwa kukuapisha hivyo, nikakukasirikia wewe kwa kukubali, halafu nikakumbuka mimi nimefanya nini.

Ni kweli, paa liliporomoka na theluji ile ya Januari. Nilijua kesho yake. Februari wazimamoto walinipeleka mpaka kwenye uzio wa bustani. Mmoja wao, mwanamke mfupi wa Bergamo mwenye sauti ya kengele, alipanda ngazi akaingia kupitia dirishani, na kila alichokipata alinipungia kwanza nikione, kana kwamba ni mtoto aliyeokolewa kwenye moto.

Wapagani wa Fulvio wametoka wakavu karibu wote. Boriti iliwaangukia ikalala juu ya rafu ikawafunika kama paa jipya. Watakatifu wangu, waliokuwa upande wa ukuta mnene, ndio walionyeshewa mwezi mzima. Katika zile juzuu kumi na mbili, nne zinasomeka. Nyingine zimekuwa donge moja, kama unga wa mkate uliosahauliwa kwenye bakuli. Yule mwanamke aliniuliza kama zitupwe. Sina theolojia ya kulieleza jambo hilo, na Fulvio angenipa moja bila kuombwa.

Nilikaa juu ya kifusi nikalia. Derna alikuwa nyuma yangu. "Padre," akaniambia, "siku ya mazishi ya mume wangu hukulia hivyo." Na ni kweli. Watu wangu wamepoteza nyumba, na mmoja wao amempoteza mama yake, na machozi yangu yote nilikuwa nimeyawekea karatasi. Tangu siku ile naona haya kusimama mbele yao.

Unajua kwa nini nilikudanganya? Hapa mimi ni mtu wa kutafuta blanketi, dawa za presha na vyeti vya ubatizo vilivyopotea. Kwenu peke yenu nilibaki kuwa padre mwenye vitabu, anayegombana na shemeji yake. Nilitaka niwe hivyo kwa muda kidogo tena.

Nakuja Juni. Unasema hatanijua. Kwa miaka mingi watu wamenijia wakilia kwamba mama zao hawawatambui, na mimi huwaambia: kaa naye tu, mshike mkono, usimuulize maswali. Nimelisema hilo kwa wepesi mno. Acha nami nikakae.

Nitaleta moja ya zile juzuu nne, na yule mdogo wa Lyon.

Ersilio


Trieste, 20 Juni 2017

Kaka Ersilio,

Natumai umefika salama na umepata kiti upande wa bahari. Derna mpe salamu zangu. Zile soseji zake tumeanza kuzila, na Fulvio anazipenda kuliko chochote ninachopika mimi. Marzia anakuja Agosti. Nimemweleza kila kitu, kama ulivyonishauri. Alilia, halafu akaniuliza kama nalala, na hapo nikalia mimi.

Naandika leo leo kabla sijasahau maneno yenyewe yalivyokuwa.

Jana ulipokuwa unapanda treni niliuona uso wako. Ulidhani sikuuona kwa sababu ulikuwa unahangaika na begi. Siku nne ulikaa naye. Asubuhi ulimsomea Historia ya Kanisa na mchana washairi, Kilatini chote hicho, mpaka sauti ikakukauka, na yeye alikuwa akitazama dirishani na kuchezea ukingo wa blanketi. Siku ya kwanza alikuita daktari. Siku ya mwisho hakukuita chochote. Jana asubuhi ulifungulia bomba bafuni muda mrefu, na mtu ananawa uso kwa maji kidogo tu. Nilikusikia, nikakuacha.

Ukaondoka ukiamini umekuja bure. Hukusema, lakini ndivyo ulivyonikumbatia.

Basi sikiliza. Jioni nilimwekea supu yake. Alikula nusu, akaweka kijiko chini, akanikazia macho kama zamani alipokuwa akirudi shuleni na jambo limemuudhi.

"Yule padre," akasema.

Nikamuuliza padre yupi.

"Yule mwenye sauti ya mbuzi. Amekaa hapa siku zote hizi anasoma. Anasoma vibaya. Silabi ndefu anazifupisha, fupi anazivuta. Anazikanyaga mizani kama mtu anayeponda zabibu."

Kaka, nilishika meza. Nikamuuliza mbona hakukwambia.

"Mwanafunzi humkatizi anaposoma," akasema. "Unamwacha amalize." Halafu akageuka akatazama kile kiti chako. "Kaenda wapi? Hajamaliza."

Nikamwambia umerudi nyumbani, kuna watu wanakuhitaji. Nikamuuliza anajua wewe ni nani. Hajui. Hajui jina lako, wala kwamba ni kaka yangu, wala kwamba mlizunguka pamoja kwa pikipiki. Nilimuuliza mara mbili, sitaki nikudanganye tena hata kwa jambo dogo. Kisha nikamuuliza kama wewe ni mjinga.

Alifikiri sana. Alikuwa na mkate mkononi na akausahau.

"Si mjinga," akasema. "Ni mvivu. Wavivu wanafundishika. Mwambie aje."

Baada ya hapo akamaliza supu, akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia, akasema amefurahi kunifahamu. Nikamlaza.

Usidhani nakwambia amepona. Leo mchana alilia kwa sababu hakujua vifungo vya shati vinafanya kazi gani. Lakini asubuhi aliamka kabla yangu. Nilimkuta sebuleni amevaa tai juu ya nguo za kulalia, na ameifunga mwenyewe, fundo zuri kabisa, mikono yake bado inajua. Kile kitabu cha Lyon ulichokisahau, au ulichojifanya kukisahau, alikuwa amekifungua magotini. Hakuwa akisoma. Alikuwa anakipitisha kidole kwenye vile vidole vya wino vya pembeni. Na kile kiti kingine alikuwa amekivuta karibu, kinatazamana na chake.

Najua una wajane wako na una askofu wako, na nyumba za mbao mlizoahidiwa bado hazijajengwa. Sikuombi uwaache. Waliokaa nawe ukumbini usiku ule wana haki nawe kuliko sisi. Naomba siku chache tu kila unapoweza, na tikiti usiniambie ni ghali, nauza ile meza ya mpiga fidla aliyotuachia.

Na ukija usijifunze kwanza, kaka. Usifanye mazoezi kwenye treni. Keti pale, fungua popote, usome vibaya vile vile.

Mdogo wako,
Rina